Kimelea Kimoja, Majina Manne: Istilahi za Tiba ya Samaki wa Tangini

Miongoni mwa kazi zilizofikishwa mezani petu kwa uhakiki ilikuwamo tafsiri ya kijikaratasi cha maelekezo ya dawa ya samaki wa mapambo, wale wafugwao katika matangi ya kioo yenye maji ya bahari. Kijikaratasi hakikuzidi kurasa mbili, na mfasiri wake alikuwa mtu akijuaye Kiswahili barabara. Hata hivyo, mfugaji angalifuata maelekezo yale neno kwa neno, yaelekea samaki wake wangalikufa wote. Sarufi haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika istilahi.

Ugonjwa wenyewe husababishwa na kimelea cha seli moja, kisichoonekana vizuri bila hadubini, ambacho wataalamu hukiita Cryptocaryon irritans. Sikama aliueleza ugonjwa huo huko Japani mwaka 1937, na jina la kitaalamu la kimelea likatolewa na Brown mwaka 1951. Samaki aliyeambukizwa huonekana ametapakaa vidoa vyeupe mfano wa punje za chumvi, hujikunakuna kwenye mawe, na matamvua yake yakishambuliwa hutweta hata kufa. Kangaja, anayejulikana sana na wavuvi wa pwani yetu, ni miongoni mwa samaki wanaodhurika upesi.

Maisha ya kimelea hiki yana vipindi vinne. Kwanza hukaa chini ya ngozi ya samaki na kujilisha hapo kwa muda wa siku tatu hadi saba. Kisha huchomoka, hushuka, na kutambaa chini ya tangi kwa saa chache. Kipindi cha tatu hujigandisha mahali, hujitengenezea ganda gumu, na humo ndani hugawanyika mara nyingi. Mwishowe ganda hupasuka na kutoa viumbe vipya, pengine mia na zaidi, vinavyoogelea kutafuta samaki. Visipompata katika siku moja au mbili hufa.

Maandishi ya asili yalikuwa na istilahi nne kwa vipindi hivyo vinne. Mfasiri, nadhani kwa kumhurumia msomaji, alizifuta zote akaandika "kimelea" kila mahali. Matokeo yake yakawa sentensi hii: dawa huua kimelea, na madoa yakitoweka dawa isimamishwe. Ukweli ni kwamba dawa hiyo, ambayo asili yake ni shaba, huwaua wale waogeleao tu. Aliye chini ya ngozi amekingwa na ngozi, na aliye ndani ya ganda amekingwa na ganda. Madoa yanapotoweka siyo kwamba samaki amepona. Kimelea kimeshiba na kimekwenda kuzaana. Anayesimamisha dawa siku hiyo huisimamisha katika saa ile hasa inapohitajiwa.

Tunapendekeza basi majina manne. Istilahi za kimataifa zimetokana na Kiyunani, nazo zinaweza kutoholewa zikawa *trofonti*, *protomonti*, *tomonti* na *theronti*. Mwalimu wa chuo atazihitaji. Lakini mfugaji hafaidiki na sauti tupu, na kila moja ina maana inayoweza kusemwa kwa Kiswahili. Trofonti ni yule ajilishaye. Tulifikiria "kilaji", tukaliacha kwa kuwa neno hilo tayari lina maana ya chakula. Tukafikiria "mlishi", nalo ni yule awapaye wengine chakula. Imebaki *mlaji*. Theronti hutokana na neno lenye maana ya kuwinda, lakini "mwindaji" humfikirisha mtu juu ya kuua na kula, na kiumbe hiki hakili kitu mpaka kimeingia mwilini mwa samaki. *Msakaji* lafaa zaidi.

Tomonti ndiye aliyetusumbua. Wafasiri wengi hupenda kumwita "yai", na sababu yao si dhaifu: mtu akisikia yai huelewa papo hapo kwamba kitu kitatoka humo baadaye. Lakini yai hutagwa na mama, na hapa hakuna mama. Kiumbe kile kile ndicho kilichojifungia na kujigawa. Mwanafunzi akifundishwa "yai" leo, mwalimu wa kidato kinachofuata atapata kazi ya kulifuta. Tunapendekeza *kifukofuko*, neno ambalo walimu wamekwisha kulizoea kwa wadudu wajifungiao ndani ya utando wao wenyewe. Mshukaji, wa kipindi cha pili, ana maisha mafupi, na katika maelekezo ya tiba aweza kuachwa bila hasara.

Kosa la pili lilihusu maji. Uko ugonjwa mwingine wa madoa meupe, wa samaki wa mito na maziwa, unaosababishwa na kimelea cha jamii nyingine, Ichthyophthirius multifiliis. Katika ugonjwa huo mojawapo ya tiba za kawaida ni kuongeza chumvi kidogo majini. Katika ugonjwa wa baharini mojawapo ya tiba ni kinyume chake: chumvi hupunguzwa polepole kutoka gramu 35 katika lita, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha bahari, hadi gramu 15 hivi, na kudumishwa hapo kwa majuma matatu au zaidi. Magonjwa mawili, jina moja, tiba zinazopingana! Mfasiri wetu alichanganya mistari ya yote mawili. Ndiyo sababu twasihi jina lisikatwe: iandikwe "madoa meupe ya baharini" kila mara. Kwa upande wa pili, istilahi ya kiserikali ya "maji baridi" inafaa kabisa katika taarifa za uvuvi, lakini katika tangi ambalo joto lake hupimwa kila siku inapotosha, maana samaki wengi wa mito ya nchi za joto hawataki maji ya baridi hata kidogo. Hapa "maji matamu" ni salama zaidi.

La tatu ni shaba yenyewe. Kiswahili kina neno la zamani, *mrututu*, kwa ile chumvi ya buluu ya shaba iliyotumiwa kutibu vidonda. Ni neno zuri na lirudishwe kazini, ila lisichukue nafasi ya "shaba". Kipimo cha tiba ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba katika lita moja ya maji. Mrututu una shaba robo tu ya uzito wake; kwa hiyo miligramu 0.20 za shaba zahitaji takriban miligramu 0.8 za mrututu. Mfasiri aliyeandika "miligramu 0.20 za mrututu" alitoa robo ya dawa. Anayekosea kwa upande wa pili humpa samaki sumu. Aidha, shaba huua matumbawe, konokono na kamba, na mawe ya chokaa huinyonya. Kwa hiyo tiba hufanywa katika tangi la pembeni, na shaba hupimwa kila siku.

Tangi hilo tuliite la *karantini*, neno lililokwisha kuota mizizi. Asili yake ni siku 40 za Kiitalia, jambo ambalo watu wetu, wenye arobaini zao, hawatalishangaa. Lakini mtafsiri asiifasiri namba hiyo pamoja na neno. Vifukofuko vingi hupasuka ndani ya majuma mawili, ila wamewahi kuonekana wasakaji wakitoka siku ya 72, na tangi kuu lililoachwa bila samaki kwa siku 40 tu laweza kuwa bado linawangojea wakirudi.