Mia Mbili ya Kila Asubuhi au Buku la Jumatatu

Kalenda ya shule zetu ina siku 194 za masomo. Mtoto anayetoka nyumbani na Sh200 kila asubuhi humaliza mwaka akiwa ameshika Sh38,800. Mwenye jero ameshika Sh97,000. Na hapo elimu tunaiita bure.

Chukua shule ya watoto 500, nusu yao wakiwa na mia mbili. Hapo getini zinaachwa Sh50,000 kwa siku, Sh9,700,000 kwa mwaka, kwenye maandazi, karanga, ubuyu na barafu. Sina ugomvi na hilo. Muuza maandazi naye ana wanawe.

Tatizo ni kwamba mwenye mia mbili hana cha kupanga. Kengele ya mapumziko ikilia, hela imekwisha, na kesho atapewa nyingine. Mpe buku zima Jumatatu. Kwa mzazi gharama ni ileile, ila sasa mtoto ana siku tano za kuamua. Akilimaliza Jumanne, ameshaitumia Sh600 ya siku tatu zilizobaki. Hasara hiyo inavumilika, mradi mzazi asiongeze kitu na uji wa asubuhi uwepo. Njaa si somo.

Wilayani Kilosa jambo hili lina uzito wa pekee. Mkulima wa mahindi huuza baada ya mavuno, kisha fedha hiyo imfikishe msimu ujao: mbegu, palizi, sare, matibabu. Hapati mia mbili kila asubuhi. Mtoto aliyezoea posho ya siku anafundishwa maisha ya bodaboda, huku shamba analoweza kurithi likilipa mara moja au mbili kwa mwaka.

Kwenye buku hilo akidumbukiza Sh200 kila wiki ndani ya kibubu, wiki 39 zinampa Sh7,800. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 3, kinachopotea kwa mwaka hakifiki Sh240. Benki inaweza kusubiri. Kibubu anakitikisa mwenyewe.

Mikumi, iliyo wilaya hiyohiyo, ina shida yake. Mama lishe wa kando ya barabara ya Iringa hupata hela kidogokidogo kila siku, na Jumatatu asubuhi buku la ziada huenda halipo, hasa akiwa na watoto watatu. Huyo atoe mia nne Jumatatu, mia nne Jumatano, mia mbili Ijumaa.