Filamu zilizotafsiriwa: kazi inafanyikaje, na sheria inasemaje?

Kila tunapofungua simu kuzungumzia filamu, ubishi huanzia palepale. Mmoja anasema picha ya nje itazamwe na sauti yake. Mwingine anajibu kwamba bila mtafsiri angeona watu wakipigana tu, asijue wanagombea nini. Leo tueleze kazi yenyewe, maana wengi wanaibishania bila kujua inavyofanyika.

Ilikulia kwenye vibanda umiza, vile vyumba vyenye mabenchi, televisheni na deki. Picha zilitoka Marekani, India na Hong Kong, na watazamaji wengi hawakuzielewa lugha zake. Mtu mmoja akashika maikrofoni, akawa anaeleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Dar es Salaam, jina linalotajwa kwanza ni la Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilitoka kibandani ikaingia kwenye kanda za video. Kenya wana DJ Afro. Uganda humwita mtu huyo VJ, na filamu yao ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga jijini Kampala, imejulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake.

Wahusika wakizungumza, mtafsiri anashusha sauti ya filamu. Risasi zikilia, anaipandisha. Sisi watangazaji tulifundishwa jambo hilohilo darasani, muziki ushuke ili maneno yapite, na tunakiri wapo watafsiri wanaotuzidi. Sauti moja inambeba steringi, adui, mama mkwe na mtoto. Halafu anaongeza ya kwake: anamtania adui, anaeleza desturi za wageni, anatuonya mapema kwamba yule rafiki ni msaliti. Hapo ndipo wasiopenda tafsiri wanapokasirika, na wana hoja. Ukimya ambao mwongozaji aliuweka makusudi unajazwa maneno. Ila shabiki wa kweli haulizi tu picha gani imeingia. Anauliza imetafsiriwa na nani.

Sasa upande wa sheria, ambao wengi hawapendi kuusikia. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa isitafsiriwe, isinakiliwe na isionyeshwe hadharani. Kununua diski au kuwekewa picha kwenye flashi hakukupi ruhusa hiyo. Mtafsiri aliyetoa jasho lake juu ya filamu asiyo na kibali nayo naye yuko pabaya: akikuta sauti yake inauzwa mtaani bila yeye kulipwa, hana pa kushika sana. Tunawajua wanaolalamikia hilo. Tunawahurumia, lakini mwenye filamu naye analalamika vilevile.

Kwa msikilizaji aliyetuuliza kama anaweza kufungua kibanda: ndiyo. Uwe na leseni ya biashara kutoka halmashauri, ruhusa ya wenye filamu, na uonyeshe picha zilizopitiwa na Bodi ya Filamu, ukizingatia daraja la umri zilizopewa. Hili la umri usilifanyie mzaha. Vibanda vingi vinagombana na wazazi kwa sababu ya watoto waliokutwa ndani saa za shule, kabla hata hakimiliki haijatajwa.