TRELA LA VYOMBO VYA MKUTANO: TUOKOE MALI, TUOKOE MIGONGO



Mkutano ambao nusu ya watu hawasikii si mkutano. Msomaji anasoma masharti ya mkataba mpya, upepo unachukua maneno, walio mbele wanapiga makofi na walio nyuma wanapiga makofi kwa kuwafuata. Halafu wote wanaombwa wainue mkono. Mtu aliyeinua mkono kwa jambo asilolisikia hakupiga kura; amehesabiwa tu.

Sisi wa Rusizi tunalijua jambo hili kuliko wengi. Wachumaji wa chai wa Shagasha wametawanyika juu ya vilima. Wenzetu wa kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984, wako chini kabisa katika bonde la Bugarama, na hapo hapo wako wakulima wa mpunga. Wa maghala na karakana wako Kamembe. Hakuna ukumbi mmoja unaoweza kutukusanya sote. Basi hapana budi mkutano uwafuate watu, na ukiwafuata watu, jukwaa, spika, jenereta na vipaza sauti navyo vifuate.

Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza juu ya namna ya kuvisafirisha vyombo hivyo kwa trela dogo, ambalo wengi wetu hapa tunaliita romoruki. Ni jambo la mafundi, lakini pia ni jambo la chama, maana ndani yake kuna fedha za ada zetu na viungo vya miili yetu.

VYOMBO NI MALI YA WANACHAMA

Si jambo geni kwa chama cha wafanyakazi kumiliki vyombo. Huko Tanzania, chama cha NUTA kiliundwa mwaka 1964, na mwaka huo huo kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Mmoja wa waimbaji wake wa mwanzo alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikaitwa Juwata Jazz. Kilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Na baadaye ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa vya chama, na wapigaji walikuwa watu wa mshahara. Majina yalibadilika na watu wakapishana, lakini kazi iliendelea.

Chombo cha wote kinahitaji mahali pake na usafiri wake. Spika inayofungwa kwa kamba ya katani juu ya gari la kuazima, leo hili na kesho lile, haimalizi mwaka. Tena juu ya mzigo huo huo mara nyingi hukaa vijana wawili watatu "kuushikilia". Gari likikata kona, kijana ndiye anayeanguka kwanza.

TUANZE NA MIZANI

Kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea, tuchukue daftari na mizani ya gunia. Mkataba wa kimataifa wa barabara uliofanyika Vienna mwaka 1968 unaita trela jepesi lile ambalo uzito wake wote unaoruhusiwa, yaani chuma chake pamoja na mzigo, hauzidi kilo 750. Mwenye leseni ya gari dogo hutegemewa kuvuta trela la namna hiyo. Ukipita hapo, mambo ya breki na leseni hubadilika.

Tufanye hesabu ya mfano. Trela tupu lina kilo 250. Basi kwa mzigo zimebaki kilo 500. Spika mbili kubwa za besi, kila moja kilo 45, ni 90. Spika mbili za juu, kilo 20 kila moja, ni 40. Sanduku la amplifaya na mikisa, kilo 40. Jenereta ndogo, kilo 50. Nyaya, vipaza sauti na miguu ya spika, kilo 40. Jumla ni kilo 260.

Sasa jukwaa. Ubao mmoja wa jukwaa wa mita 2 kwa mita 1, wa plaiwudi nene yenye fremu, tuuweke kilo 35. Mbao nane ni kilo 280. Ukijumlisha na zile 260 unapata 540: tumezidisha kilo 40. Mbao sita ni kilo 210, jumla 470. Zimebaki kilo 30 za turubai, mikanda na gurudumu la akiba. Mbao sita zinatoa jukwaa la mita 4 kwa mita 3. Hapo wanasimama wasemaji na wachezaji wachache wa ngoma bila kubanana. Kwa mkutano wetu zinatosha.

Tusisahau gari linalovuta. Mkataba ule ule unasema trela jepesi lisilo na breki zake lisizidi nusu ya uzito wa gari likiwa tupu. Gari la kilo 1,100 lisivute zaidi ya kilo 550 kwa jumla. Ukitoa kilo 250 za trela, mzigo ni kilo 300 tu. Ili kuvuta kilo 750 gari liwe na uzito wa kilo 1,500 au zaidi, kwa mfano pikapu ya kazi. Anayesema "litavuta tu" anasema juu ya injini. Sisi tunauliza juu ya kusimama.

KAZI YA FUNDI

Fremu iwe ya chuma cha pembe au cha mraba, iliyochomelewa pande zote, si kwa vidonda viwili vitatu. Ekseli, springi na beringi zitazamwe kabla ya rangi, kwa sababu rangi mpya huficha mambo mengi. Beringi zijazwe grisi. Magurudumu mawili yawe ya kipimo kimoja, na la tatu la akiba la kipimo hicho hicho.

Sakafu iwekwe plaiwudi ya milimita 18, ipakwe rangi ya mafuta juu na chini, na kwenye kingo pia, maana maji huingilia kwenye kingo. Kando ya sakafu zichomelewe pete imara za kufungia, angalau nane, kwenye fremu yenyewe wala si kwenye bati. Mbao za jukwaa zisimame wima upande mmoja, kila moja katika mfereji wake, ili zisisuguane wala kulalia spika. Vipande vya godoro kuukuu vipigiliwe mahali spika zinapogusa ukuta.

Nyuma ziwepo taa za kusimama, za kukata kona na ya namba ya gari. Ziwepo pia viakisi viwili vyekundu vya pembetatu, ambavyo ndivyo alama ya trela usiku. Mbele, penye kichwa cha kuunganishia, uwepo mnyororo wa pili unaofungwa kwenye gari. Kichwa kikichomoka, mnyororo huo ndio unaozuia trela lisiende peke yake kwa watu.

KUPAKIA NA KUFUNGA

Kizito kikae chini, na kikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Spika za besi na jenereta ziwe katikati. Nyaya na miguu ya spika vinaweza kwenda nyuma. Trela lililopakiwa vizuri linakandamiza ndoano ya gari kwa sehemu kama 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake. Trela la kilo 720 likandamize kilo 36 hadi 72, bila kupita kiasi alichoandika mtengenezaji wa ndoano. Likikandamiza kidogo mno, au likiinua nyuma ya gari, litaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na dereva hawezi kulituliza kwa usukani.

Mikanda yenye kikaza ni bora kuliko kamba. Kila kizito kifungwe kwa mikanda miwili, na baada ya mwendo mfupi dereva asimame akaikaze tena, kwa kuwa mzigo hujipanga upya ukishatikisika.

Sasa mgongo wa mpakiaji. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo anaobeba mwanamume mzima kwa mikono yake, na kwa wanawake kiasi kipungue sana. Tuelewe vema: huo ndio mpaka wa juu. Hakuna anayesema kilo 55 ni mzigo wa kawaida. Spika ya kilo 45 inayoinuliwa mara nne kwa siku, kwenye tope, inavunja mtu.

Dawa yake ni rahisi. Sakafu ya trela ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, tengeneza ubao wa kupandishia wenye urefu wa mita 2 na sentimita 40. Kwa kila hatua nne za mbele, mzigo unapanda hatua moja tu. Spika ya kilo 45 iliyowekewa magurudumu madogo inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 11, na kidogo zaidi kwa ajili ya msuguano. Ubao huo unagharimu kidogo kuliko siku moja ya hospitali. Mbao za jukwaa zibebwe na watu wawili wawili, na mmoja tu ndiye aamuru.

MVUA NA UMANDE

Sikukuu yetu ya 1 Mei inaangukia katika majira ya mvua ndefu. Turubai lifunike mpaka chini ya ukingo wa sakafu, na liwe na mteremko ili maji yasitulie juu. Vyombo vikilowa, visifungiwe. Vifunguliwe na vikaushwe siku hiyo hiyo.

Kuna na maji yasiyotoka mawinguni. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko mita 1,591 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama iko chini ya mita 1,000. Amplifaya iliyopoa usiku huko juu ikifika bondeni penye joto na unyevu hutoka jasho kama chupa ya maji baridi. Ukiiwasha papo hapo unaweza kuiunguza. Fungua sanduku, iache mpaka ipate joto la mahali, kisha uwashe. Wakati huo unatosha kusimamisha jukwaa.

NJIANI NA UWANJANI

Njia ya kushuka Bugarama ni ya kona na mteremko. Trela lisilo na breki linalisukuma gari kwa nyuma, kwa hiyo dereva aingize gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati yake, na asikanyage breki mfululizo mpaka ziungue. Na dereva huyo awe amelala. Asiwe mtu aliyetoka zamu ya usiku saa hiyo hiyo.

Jambo moja hatutalipunguza: mtu asipande ndani ya trela wala juu ya mzigo. Awe mpiga ngoma au mlinzi wa vyombo, na hata safari ikiwa fupi. Chama kinachopigania usalama kiwandani hakiwezi kuwapakia wanachama wake pamoja na spika.

Tukifika, trela lisimame mahali tambarare na magurudumu yazuiwe kwa vigogo kabla ya kulitenga na gari. Jenereta ishushwe na iwekwe mbali na watu. Isiwashwe ndani ya trela lililofunikwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na imepoa.

DAFTARI NA UJIRA

Mwisho, trela bila daftari litageuka mali ya mtu mmoja. Kila chombo kiandikwe namba, na orodha isomwe wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Aliyekiazima atie sahihi. Kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi kama trela limo katika bima ya gari linalolivuta. Jibu la mdomo halisaidii baada ya ajali.

Na wapakiaji walipwe. Tumezoea kusema "ni kazi ya chama, tujitolee". Kujitolea ni vizuri, lakini kijana anayepoteza kibarua cha siku nzima ili abebe spika zetu amepoteza chakula cha nyumbani. Ikiwa tunamdai mwajiri ujira wa haki, sisi wenyewe tunapokuwa waajiri wa siku moja tusiwe wabaya kuliko yeye. Fungu la wapakiaji liandikwe katika hesabu ya mkutano pamoja na petroli, wala lisiwe masalio yake.

Ndugu, tunashauri kila tawi lijadili jambo hili katika kikao chake kijacho: nani ana mizani, nani ni fundi wa kuchomelea, ni chuma gani kilichopo, na ni matawi mangapi yako tayari kuchanga kwa ajili ya trela moja. Mwenzetu wa shamba la mbali anayekaa nyuma kabisa ya mkutano ana ada sawa na aliye mbele, na ana haki ya kusikia kila neno kabla ya kuinua mkono.

Umoja ni nguvu.