Daftari Lisikae Kwenye Droo ya Cherehani

Septemba 2025, CISA, shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, lilieleza jinsi wavamizi walivyoingia katika mtandao wa idara moja ya serikali kuu mwezi Julai 2024 wakakaa humo wiki tatu bila kugundulika. Mlango walioupitia ni GeoServer, programu ya bure inayogawa ramani mtandaoni. Tundu lilikuwa limeshatangazwa siku chache kabla, na matoleo yaliyozibwa (2.23.6, 2.24.4 na 2.25.2) yalikuwa yameshatoka. Idara ilikuwa bado inatumia toleo la zamani.

Msomaji mmoja anayetunza seva ya ramani ya halmashauri ameniandikia baada ya habari hiyo. Kwamba lazima asasishe, analijua. Kinachomnyima usingizi ni matabaka yaliyorundikana kwa miaka, mitindo aliyoipaka rangi mmoja mmoja, na watumiaji walioingizwa na mtangulizi wake. Toleo jipya likiingia, hivyo vyote vitakwenda wapi?

Kuhusu GeoServer yenyewe nitapita haraka. Ilianza mwaka 2001 New York, imeandikwa kwa Java, na kwa kawaida inaishi ndani ya Tomcat, seva inayoendesha programu za Java. Inazungumza WMS, lugha ya kuombea ramani iliyosanifiwa na OGC, shirika la viwango vya data za kijiografia, mwaka 2000, kwa hiyo programu ya ramani ya QGIS, kivinjari na simu vyote vinaielewa. Huenda umeshaitumia bila kujua: hifadhidata ya hatari za tabianchi ya Resilience Academy ya Tanzania imejengwa juu ya GeoNode, programu ya kuendeshea tovuti za ramani, na GeoNode hubeba GeoServer tumboni. Na lile tundu? Jina la kipengele alilolituma mwombaji wa ramani lilikuwa linachukuliwa kama amri ya XPath, lugha ya kutafutia vitu ndani ya data, na maktaba iliyoisoma amri hiyo ilikuwa tayari kuendesha msimbo wowote wa Java ilioambiwa. Mgeni asiye na nywila aliweza kuiamrisha seva. Ukali wake ulipimwa 9.8 kwa 10. Inatosha.

Sasa swali. Mchukue fundi cherehani mwenye kibaraza Kariakoo. Wateja wake hawamfuati kwa sababu ya cherehani; wanafuata daftari. Humo mna vipimo vya Mama Salma, kifua, kiuno na urefu wa mkono, pamoja na maelezo kwamba hapendi shingo ya kubana. Akirudi mwaka ujao na kitenge kipya anasema tu "kama ile ya Idi," na kazi imeanza. Siku fundi akinunua cherehani ya umeme, hakuna anayepimwa upya. Daftari linatoka meza hii linakwenda ile. Labda tu kama fundi alikuwa na tabia ya kuliweka kwenye droo ya cherehani ya zamani, mnunuzi akaja na mkokoteni akaibeba na meza yake na droo zake.

Kwenye GeoServer droo hiyo ipo kweli. Programu huja kama faili la WAR, yaani kifurushi kimoja, na Tomcat likilifungua linatokea kabrasha liitwalo data ndani ya webapps/geoserver. Usipoiambia seva vinginevyo, kila unachokitengeneza kinaandikwa humo. Kisha unaleta WAR jipya, na Tomcat, kwa adabu zake zote, linalifuta kabrasha lote la geoserver ya zamani kabla ya kulifungua jipya. Hakuna onyo wala kosa. Seva inawaka vizuri kabisa na kukuonyesha ramani za Tasmania na Manhattan, zile za mfano zinazokuja na programu. Za wilaya yako hazipo.

Dawa ni neno moja: GEOSERVER_DATA_DIR. Ni kigezo cha mazingira kinachoiambia programu daftari liko wapi, mahali pengine kabisa kwenye diski, nje ya Tomcat. Likishakaa huko, programu unaweza kuibadilisha kila mwezi.

Wenzangu wa kompyuta wataniambia niseme folda, na watafsiri wataniletea saraka. Nang'ang'ania kabrasha, kwa sababu ndilo lile la ofisini lenye karatasi ndani, na humu mna karatasi kweli: faili za XML ambazo unaweza kuzifungua kwa kihariri chochote ukazisoma. Hapa ndipo ninapoipendea GeoServer, naomba nikawie kidogo.

Fungua layer.xml ya tabaka la barabara. Hutakuta barabara hata moja. Utakuta jina, kitambulisho chake kinachoanza na LayerInfoImpl chenye mkia mrefu wa tarakimu na herufi, kisha vitambulisho vya wengine wawili: mmoja wa mtindo, mwingine wa featuretype, yaani maelezo ya data ya tabaka. Mfuate huyu wa pili. Katika featuretype.xml unakuta msimbo wa makadirio ya ramani, kwa Dar es Salaam pengine EPSG:21037 au EPSG:32737, na kitambulisho cha ghala la data. Lifuate ghala: datastore.xml ina anwani ya hifadhidata ya PostGIS na nywila iliyofichwa, yenye crypt1 au crypt2 mwanzoni. Ni kama daftari la fundi linavyosema "shingo, tazama ukurasa wa 14" badala ya kuchora shingo upya kwa kila mteja.

Seva inapowaka inazisoma karatasi zote hizi na kuzishona kuwa orodha moja kwenye kumbukumbu. Lakini karatasi hazifiki kwa mpangilio wa heshima. Moja yaweza kumtaja ambaye bado hajasomwa. Hapo seva haikwami. Inaweka mshika nafasi asiye na chochote ila kitambulisho, inaendelea kusoma, na mwenyewe akishafika mshika nafasi anaondolewa. Kwa kuwa uzi unapita kwenye vitambulisho na si kwenye majina, unaweza kulibadilisha tabaka jina na mtindo wake usipotee. Na ndiyo maana toleo jipya hulikuta daftari la zamani likalielewa: linasoma karatasi zilezile, na pale programu ilipoongezewa kipengele ambacho karatasi haikitaji, inajazia thamani ya kawaida.

Ustadi huohuo una mtego wake. Ukinakili kabrasha la tabaka kwa mkono ili upate la pili linalofanana, umetengeneza wawili wanaodai kitambulisho kimoja. Na ukihamisha kabrasha la ndani liitwalo workspaces ukaacha lile la security, funguo za kufungulia zile nywila za crypt zimebaki nyuma. Matabaka yataonekana kwenye orodha lakini hayatachora kitu. Daftari hubebwa zima.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono. Ukurasa wa hali ya seva utakuonyesha kabrasha lako liko wapi. Soma hapo kabla ya kugusa lolote. Hifadhi jibu la GetCapabilities, yaani orodha ambayo seva humpa kila mgeni. Zima Tomcat, nakili kabrasha zima mara mbili nje ya Tomcat, moja la kutumia na moja la akiba, weka WAR jipya, elekeza kigezo kwenye lile la kutumia. Viongezi ni kama miguu ya cherehani: wa aina hii hauingii kwenye ile, kwa hiyo kila kimoja kiwe cha toleo lilelile la programu. GeoServer 2.28 inataka Java 17, na hakuna ya familia ya 2 itakayowaka ndani ya Tomcat 10. Wa GeoNode wafuate ratiba ya GeoNode. Toleo jipya likishaandika kwenye kabrasha, la zamani linaweza lisikubali kulisoma tena, basi ile nakala ya akiba isiguswe.

Ikishawaka, omba GetCapabilities tena na ulinganishe na lile la mwanzo kwa programu ya kulinganisha faili. Namba ya updateSequence itatofautiana, usiijali. Tazama majina ya matabaka, kisha anwani zilizomo ndani ya jibu, kwa sababu QGIS za watu wa ofisi nyingine zimezikariri hizo. Likikosekana tabaka moja, chukua kitambulisho chake kwenye layer.xml na ukitafute ndani ya faili la kumbukumbu la seva, kwenye kabrasha la logs. Anza kusomea pale seva ilipowaka.