Watu wa "Ndani" wa Swindon

Mzee wa Swindon akikwambia baba yake alifanya kazi "ndani", usimuulize ndani ya nini. Ni karakana za reli ya Great Western, zilizofunguliwa mwaka 1843 baada ya kijana Daniel Gooch kumshauri mhandisi Brunel kwamba hapo, kusini magharibi mwa Uingereza, ndipo pa kutengenezea vichwa vya treni. Awali palikuwa na malisho, na mji mdogo juu ya kilima. Karakana ziliposhamiri, zaidi ya watu 14,000 waliamshwa na king'ora kimoja.

Wageni hukimbilia makumbusho ya STEAM, yaliyomo katika jengo la karakana zenyewe, na hawakosei: magurudumu mengine humo yanapita kimo cha mtu. Mimi ningeanzia Kijiji cha Reli, kwenye nyumba zipatazo 300 za mawe ambazo kampuni iliwajengea wafanyakazi. Mitaa ya mashariki imepewa majina ya miji ambako treni iliendea upande huo, na ya magharibi vivyo hivyo. Mtoto aliyetumwa dukani aliweza kupita London akarudi kwa Oxford.

Humo ndimo ulimozaliwa utaratibu ninaouheshimu kuliko mashine zote. Tangu mwaka 1847 wafanyakazi walikatwa sehemu ndogo ya mshahara, ikaingia katika mfuko wa matibabu. Kwa senti hizo walipata daktari na dawa, kisha hospitali yao na mabafu ya umma, mke na watoto wakiwamo. Wenyeji husimulia kwa fahari kwamba Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, aliutazama mfuko huo kama mfano.

Halafu kulikuwa na "Trip". Mwaka 1849 watu 500 hivi wa taasisi ya mafundi walipelekwa Oxford kwa treni bila nauli. Safari ikawa mila: kila Julai karakana zilifungwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya watu 20,000 waliondoka kwa siku chache tu, mji ukabaki kimya. Weymouth, pwani ya kusini, ilijaa majirani wa mtaa mmoja, wanaoketi mchangani kama walivyozoea kuketi vibarazani. Lakini kwa miaka mingi likizo hiyo haikuwa na mshahara. Mama wa nyumba aliyekuwa hajaweka akiba alirudi kwenye wiki ya njaa, na bado mwaka uliofuata alifunga mizigo tena.

Karakana zilifungwa mwaka 1986, na king'ora kikanyamaza. Jengo la taasisi ya mafundi bado limesimama katikati ya kijiji, tupu, nami linaniuma kuliko karakana, kwa kuwa ndilo lililokuwa na maktaba na ukumbi wao. Ila njia ya chini ya reli waliyopita alfajiri haijazibwa. Unaingilia upande wa nyumba, unatembea kidogo chini ya treni zinazopita, unatokea ndani.