Singeli ya Sisso: pa kuanzia

Siku moja kazini, wakati wa mapumziko, mwenzangu wa Poland alinisogezea spika ya masikio akaniambia nisikilize. "Hawa si watu wa kwenu?" Kwenye kioo cha simu kulikuwa na jina Sisso, na maelezo kwamba studio yake ipo Mburahati, Dar es Salaam. Mburahati naijua. Kabla sijaja Uingereza nilikaa Manzese kwa mama mdogo, na singeli ilikuwa ikipita dirishani usiku kucha. Sikuwahi kuuliza nani anaitengeneza. Mpoland yule alikuwa na albamu nne za watu wa Mburahati na mitaa ya jirani, amezipanga kwa miaka, na aliweza kunieleza ipi ilitangulia ipi.

Iliniuma. Nikarudi nyumbani nikaanza kusikiliza kwa utaratibu, na miezi kadhaa baadaye naandika haya kwa ajili ya watu wa Nachingwea na Ruangwa walioko huku nje, hasa wale walioniambia kwamba wakisikia singeli wanaona kelele tupu. Mimi naamini sisi wa kusini tuna sikio la muziki huu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na ulikotoka. Kabla ya singeli Uswahilini kulikuwa na mchiriku, ambao wengine huuita mnanda: ngoma zilizokaribiana na mdundiko wa Wazaramo, na juu yake kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika za tarumbeta, zile zile za misikitini na kwenye mikutano. Sauti inatoka imekwaruza, na wapigaji waliitaka hivyo hivyo. Jagwa Music, kundi lililoanza miaka ya 1990, ndilo linalofahamika zaidi. Albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012, na ukitaka kuelewa Sisso katoka wapi, isikilize hiyo kwanza. Utamsikia mtu anapiga kigoda kwa fimbo kama anadaiwa.

Halafu kuna vigodoro, sherehe za usiku mzima mtaani, mkesha wa harusi au wa mtoto kutolewa. Inavyosimuliwa sana ni kwamba MC wa vigodoro walikuwa wanachana juu ya taarab ya kisasa. Taarab ina sehemu, mara nyingi mwishoni, ambapo mwimbaji ananyamaza, vinanda na ngoma vinachanganya, na kina mama wanaingia uwanjani. Watu walitaka ile sehemu tu. Basi ikakatwa, ikazungushwa, ikarudiwa bila kikomo, na kwa kuwa usiku ni mrefu na watu wanachoka, ikaongezwa kasi. Hapo ndipo ilipo siri ya ile sauti nyembamba inayowashangaza wageni. Rekodi ukiipeleka mbio bila kuirekebisha, sauti nayo inapanda. Ukizidisha kasi mara mbili, inapanda oktava nzima. Kinanda cha taarab kinageuka filimbi, na mwanamke mzima analia kama mtoto. Waliokuwa na kompyuta moja na programu ya kunakili waliipenda sauti ile ilivyotoka, wakaiacha.

Redio zilichelewa. EFM ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014, iliupigia debe sana muziki huu, na kufikia 2016 wimbo Hainaga Ushemeji wa Man Fongo ulikuwa unapigwa hata harusi za watu waliokuwa wakiifungia singeli madirisha. Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Dulla Makabila: hayo ndiyo majina ambayo ndugu zetu nyumbani wanayajua. Wote ni waimbaji. Sisso yuko upande wa pili wa kioo cha studio. Ni prodyuza, mtu wa biti, na ndiyo maana unaweza kucheza kazi zake miaka mitano usijue jina lake.

Sasa sisi tunaingia wapi?

Neno machinga lina asili ya kwetu. Wamachinga ni watu wa mkoa wa Lindi, na jina lao likabandikwa vijana wote waliotoka kusini kwenda kuuza vitu mkononi Kariakoo, kisha likawa jina la kila mchuuzi nchini. Njia yao haikuwa rahisi. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kufika Nachingwea iling'olewa baada ya mradi kufa. Barabara ilikuwa inakatika Rufiji. Mvua zikikaza, pantoni la Ndundu likasimama, ukakaa hapo siku kadhaa na mizigo yako. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo, kanda ya nyimbo mpya iliyotoka Dar mwezi wa pili ilifika Nachingwea watu wakivuna. Baada ya daraja mambo yalikwenda haraka: vijana wakawa wanarudi likizo na flashi mfukoni, na kwenye vibanda vya simu mtu anakaa na kompyuta anakuingizia nyimbo kwenye memori kadi kwa bei ya chai na maandazi. Singeli ilienea kwa mikono hiyo. Prodyuza anamaliza biti usiku, MC anachana, asubuhi lipo kwenye flashi ya machinga, wiki ijayo lipo Ruangwa sokoni. Hakuna albamu, hakuna jalada, mara nyingi hata jina la wimbo hakuna.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza "nianzie albamu ipi" nampa jibu, lakini kwanza namtaka ajue kwamba albamu ni dirisha dogo la nyumba kubwa.

Dirisha lilifunguliwa Kampala. Nyege Nyege Tapes ni lebo iliyozaliwa huko, ndugu ya tamasha linalofanyika Jinja, kwenye Mto Nile, tangu 2015. (Jina linatufanya sisi tuangalie pembeni mbele ya wakwe. Kwa Kiganda linatokana na neno linalomaanisha hamu ya kucheza usiyoweza kuizuia, kwa hiyo tuwaachie.) Mwaka 2017 walitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa maprodyuza na MC waliokuwa wakifanya kazi kwenye studio ile ya Mburahati. Hapo ndipo Ulaya ilipopata neno singeli.

Anza na mkusanyiko huo. Sababu yangu ni kwamba una sauti za watu. MC anakushika mkono, anasema Kiswahili cha mtaani kwa kasi ya ajabu, na wewe una faida ambayo Mpoland hana: unaelewa. Utasikia habari za polisi, madeni, mapenzi yaliyokwenda kombo, salamu kwa washikaji wa mtaa fulani. Ukielewa maneno, kasi haikuogopeshi tena.

Baada ya hapo nenda Poaa ya Bamba Pana, 2018. Hii ni kazi ya mtu mmoja na mara nyingi hakuna maneno, kwa hiyo ndipo unapojifunza kusikiliza biti lenyewe. Sikiliza Biti Three mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza utapotea. Mara ya pili jaribu hivi: usihesabu kila pigo, hesabu moja, ruka moja. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, mwili wa binadamu hauwezi kupiga mguu chini mara 240 kwa dakika na kufurahia. Lakini nusu ya 240 ni 120, na 120 ni mwendo wa kucheza wa kawaida kabisa, ule wa muziki wa disko. Wanaocheza vizuri wanafanya hivyo bila kuambiwa: mguu unakwenda nusu, kiuno kinakwenda chote. Mara ya tatu utaona wimbo umetulia, una nafasi ndani yake, na kile kipande kidogo kinachozunguka kinabadilika kila baada ya mizunguko kadhaa.

Hapo ndipo mimi nilipokumbuka nyumbani. Utotoni Nachingwea, ngoma za jando na unyago zilikuwa na mpigaji wa ngoma kubwa anayekwenda polepole na wa ngoma ndogo wanaokimbia juu yake, na mabibi walituambia tufuate kubwa. Sisemi kwamba singeli ilitoka Lindi; ilitoka Dar, kwa Wazaramo na wahamiaji wa kila kabila. Nasema namna ya kuisikiliza nilikuwa nayo tangu nina miaka saba, nikaisahau kwenye mabasi ya Birmingham.

Kisha Mateso, 2019, ya Sisso mwenyewe. Usianze nayo. Ni kazi kali, haina mlango wa kuingilia, biti linakukuta umesimama. Lakini ukifika hapo ukiwa umeshapita Poaa, utasikia tabia ya mtu: anapenda kuchukua sauti mbaya, ya king'ora au ya kitu kama katuni, akaizungusha mpaka ikawa wimbo. Singeli Ya Maajabu ya 2024, aliyoifanya na Maiko, ina mzaha zaidi na vinanda vingi, na kwa sikio langu ndiyo iliyo karibu zaidi na mchiriku wa zamani. Watoto wangu wanaipenda hiyo kuliko zote.

Wengine nitawapitia haraka. Tatizo Pesa ya Jay Mitta, 2019, ni ya kupikia. Nilipika ubwabwa nayo na sikuunguza. Duke alitoa Uingizaji Hewa mwaka huo huo, na studio yake ya Pamoja ina mkusanyiko wake, Sounds of Pamoja, 2021. DJ Travella, aliyekuwa kijana mdogo kabisa alipotoa Mr Mondo mwaka 2022, amekwenda mbali na vigodoro, kwenye sauti za michezo ya kompyuta. Namheshimu, lakini kwa mgeni si pa kuanzia.

Nilipomaliza orodha hii nilimpigia mtoto wa kaka yangu, Ruangwa. Anakodisha mziki: spika nne, amplifaya, kompyuta mpakato moja na jenereta. Msimu wake ni baada ya ufuta kuuzwa mnadani, watu wakiwa na hela na watoto wakiwa wanatolewa unyago.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Unamjua Sisso?"

Alinyamaza kidogo. "Jina nalisikia kwenye nyimbo. Mwanzoni pale, kabla ya biti, kuna mtu analitaja. Kwani ni mtu?"

Nilimweleza kwamba ni mtu, ana studio, na watu wanamlipia tiketi Ulaya wamsikilize. Hakushangaa sana. Alichotaka kujua ni kama hizo albamu nilizonunua zina yale mabiti anayopiga saa tisa usiku, wakati mwali anatolewa nje na mama yake anacheza. Nikamwambia aniimbie moja. Akaniimbia kwa mdomo, ti-ti-ti-ti, na mimi simu sikioni nikajaribu kulinganisha na kila nilichokuwa nacho. Halikuwemo.

"Shangazi, nina folda tano," akasema. "Nyingine hazina majina, zimeandikwa namba tu."

Nilimwomba asizifute, asibadilishe hata namba, na kila anapojua biti limetoka kwa nani, wapi na mwaka gani aandike kwenye daftari. Pale anaposikia jina linatajwa mwanzoni, alifuate. Wakosoaji wa Ulaya wanaandika vizuri kuhusu rekodi walizoletewa. Hizi za Ruangwa hakuna aliyewaletea.

Jumamosi iliyofuata alinitumia faili la kwanza kwa WhatsApp. Ni dakika saba, zimerekodiwa uwanjani na simu, spika moja imepasuka, jenereta linasikika chini ya kila kitu. Kipande kinachozunguka ni cha kinanda cha taarab, kimepanda juu kama filimbi. Kwenye dakika ya nne vigelegele vinaanza, MC anakatisha maneno, na biti linaachwa peke yake. Nimelisikiliza nikihesabu moja, nikiruka moja. Jina la prodyuza linatajwa mara mbili sekunde za mwanzo, lakini upepo umelifunika. Kijana anasema ana rekodi nyingine ya biti hilo hilo, ya mwaka juzi, sherehe ya Nachingwea, na ile ilirekodiwa ndani ya uzio.