Dumu la Mafuta Meusi

Kiangazi cha mwaka 1938, basi la abiria lilifanya safari zake kati ya Brussels na Leuven, nchini Ubelgiji, kwa nguvu ya mawese. Hayakuwa mawese yaleyale yanayoungiwa migebuka kule Kigoma. Yalikuwa yamepitishwa kwanza katika njia ya kikemia iliyobuniwa na G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, ambaye alipata hataza yake Agosti 1937. Michikichi ilikuwa zao kubwa la Kongo, na Kongo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Basi likapakia watu, likashusha watu, na injini haikugoma.

Hata hivyo Chavanne hakuwa wa kwanza. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli ilinguruma kwa mafuta ya karanga, na ilikwenda vizuri hivi kwamba wachache tu walitambua kuwa haikuwa ikinywa mafuta ya petroli. Rudolf Diesel mwenyewe, mbunifu wa injini hiyo, alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na hamu ya jaribio lile, kwa sababu karanga zilistawi kwa wingi katika makoloni yake ya Afrika. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo, wazo la kuendesha injini kwa mimea lilibeba swali la shamba: litalimwa wapi, na ni la nani? Mimi naamini swali hilo ni zito kuliko kemia yote nitakayoieleza hapa. Lakini kemia nayo ni tamu, na bila kuielewa mtu hudanganywa kirahisi.

Chukua molekuli moja ya mafuta ya kula. Ifikirie kama pweza mwenye mikono mitatu: kichwa chake ni glisirini, na kila mkono ni mnyororo mrefu wa asidi ya mafuta. Mapweza hawa wamejaa, wanapapasana na kukwamana, ndiyo maana mafuta ya alizeti hutiririka kivivu. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, mafuta ya mimea huwa mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia; inategemea nozeli inyunyize mafuta kama ukungu ndani ya hewa iliyogandamizwa hadi ikawa moto mkali. Mafuta mazito hayatoki kama ukungu. Hutoka kwa matone, huungua nusunusu, na huacha masizi magumu kwenye nozeli na kwenye ringi za pistoni. Injini kuukuu za kusaga nafaka huvumilia kwa muda. Gari la leo litamrudisha mwenyewe kwa fundi mapema.

Alichofanya Chavanne ni kuikata mikono ya pweza. Unachukua spiriti, na leo wengi hutumia methanoli, unayeyusha humo kostiki soda kidogo iwe kichocheo, unachanganya na mafuta yaliyopashwa moto hadi nyuzi kama 60, na unakoroga kwa saa moja hivi. Kila mkono unakiacha kichwa na kushikana na molekuli ya spiriti. Ukiuacha mchanganyiko utulie, utajitenga wenyewe: chini glisirini nzito ya rangi ya kahawia, juu kimiminika chepesi cha manjano. Hicho cha juu, kikishaoshwa na kukaushwa, ndicho biodizeli. Kilo 100 za mafuta na takriban kilo 11 za methanoli hutoa karibu kilo 100 za biodizeli, na glisirini inayobaki inakaribia uzito wa methanoli iliyoingia.

Mama anayepika sabuni kwa mafuta ya nazi au ya mise anaijua nusu ya kazi hii. Yeye pia huikata mikono ya pweza kwa kostiki soda, ila hutumia maji pale mwenzake anapotumia spiriti. Sabuni na biodizeli ni watoto wa tumbo moja, na ndiyo maana maji ni adui mkubwa wa mtengeneza biodizeli. Yakiingia machache tu, sehemu ya mzigo wake inageuka sabuni, na badala ya matabaka mawili safi anabaki na uji wa povu usiotengana.

Hapa ndipo mafuta yaliyokwisha kukaangia yanapoleta shida. Ndani ya karai la chipsi, joto na majimaji ya viazi vimeshaanza kukata mikono kiholela. Asidi zilizobaki huru hukidaka kile kichocheo na kuwa sabuni kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo mtengenezaji makini huchuja makombo, huchemsha maji yaishe, kisha hupima ukali wa asidi katika kila dumu kabla ya kuamua kiasi cha kostiki. Asidi huru zikizidi asilimia mbili au tatu hivi, inambidi aanze na hatua nyingine ya kutumia asidi ya salfa. Si kazi ya kubahatisha, wala isifanyiwe uani watoto wakiwa karibu. Methanoli hushika moto upesi, na ni sumu inayopofusha na kuua. Nairobi inaikumbuka Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli.

Tena methanoli nyingi duniani hutengenezwa kutokana na gesi asilia, kwa hiyo biodizeli ya namna hii haijaachana kabisa na mafuta ya ardhini. Chavanne alitumia ethanoli, spiriti ya kuchachusha. Glisirini hujitenga kwa shida zaidi katika njia hiyo, lakini inafaa kuangaliwa upya katika nchi zenye viwanda vya sukari. Kilombero na Muhoroni tayari wanatengeneza ethanoli kutokana na molasi.

Ndani ya injini, biodizeli ina sifa nzuri na mbaya. Takriban asilimia 11 ya uzito wake ni oksijeni, hivyo huungua vizuri na moshi mweusi hupungua. Haina salfa ya kutaja. Lita moja hutoa nguvu pungufu kidogo kuliko dizeli, kiasi cha asilimia nane hivi. Hulainisha pampu, lakini pia hung'oa uchafu wa miaka ulioganda ndani ya tangi, na huo huenda kuziba filta wiki za mwanzo. Paipu za mpira asilia kwenye magari ya zamani huvimba na kuoza. Kwa sababu hizo nchi nyingi huichanganya na dizeli, asilimia 5 au 20, na magari hayadai mabadiliko makubwa. Baridi nayo ina lake. Aliyewahi kuacha chupa ya mafuta ya nazi dirishani usiku wa Julai anajua yanavyoganda. Biodizeli ya mawese huanza kupata ukungu karibu na nyuzi 15, kwa hiyo gari ambalo halina neno Dar es Salaam linaweza kugoma asubuhi Njombe.

Sasa turudi shambani. Kuna mmea ambao wengi wetu tuliukuta umepandwa kama ua wa boma au alama ya makaburi, na kwa hiyo ukaitwa mbono kaburi. Mbuzi haugusi, kwa kuwa una sumu. Kati ya mwaka 2005 na 2010 ulipewa sifa ambazo hakuna zao lingeweza kuzibeba: kwamba hauhitaji mvua, hauhitaji mbolea, hauhitaji ardhi nzuri, na utaendesha magari ya Ulaya. Kisarawe, kampuni moja ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11, na wanakijiji waliahidiwa ajira na huduma za jamii. Mwaka 2011 kazi ilisimama na vibarua wakarudishwa nyumbani. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi iliyopata zaidi ya hekta 30,000 nayo ilikwama.

Kosa la msingi lilikuwa la kibayolojia kabla ya kuwa la kifedha. Kuishi kwenye ukame ni jambo moja, kuzaa kwenye ukame ni jambo jingine. Mbono hubaki hai jangwani kwa kudondosha majani na kujinyima, na mmea unaojinyima hautoi mbegu nyingi. Ukiutaka uzae, unadai maji na rutuba kama mahindi yanavyodai. Matunda hayaivi kwa pamoja, hivyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara nyingi. Mashudu yake, kwa sababu ya sumu, hayalishi ng'ombe kama ya alizeti.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme hekta moja imetoa tani moja ya mbegu kwa mwaka. Kwa mashine ya kukamulia, kilo nne za mbegu hutoa takriban lita moja, basi hapo una lita 250. Basi dogo linalounguza lita 40 kwa siku litamaliza jasho la mwaka mzima kwa siku sita hivi.

Kenya sasa inajaribu njia nyingine. Huko Wote, Makueni, kampuni ya Italia ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Julai 2022. Wakulima wanabaki na mashamba yao na kuuza mbegu, zikiwemo za mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Huo ni mpango wenye heshima kuliko ule wa kuchukua ardhi ya vijiji. Ila mafuta yenyewe husafirishwa hadi Gela, Sisilia, kusafishwa kwa haidrojeni, njia isiyohitaji methanoli, na mkulima wa Makueni anaendelea kununua dizeli iliyoshushwa Mombasa.

Ndiyo maana macho yangu yanarudi kwenye mafuta ambayo tayari yapo na hayahitaji ekari hata moja. Jiji la Graz, Austria, lilianza mwaka 1994 kuendesha mabasi yake kwa biodizeli ya mafuta yaliyokwisha kukaangia, yakikusanywa kwenye migahawa na majumbani. Sisi tuna hoteli za pwani, viwanda vya samaki vya Mwanza vinavyobaki na mafuta ya sangara, machinjio yenye shahamu, na vibanda vya chipsi visivyohesabika. Nchi kama Tanzania, inayoagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje, haina sababu ya kumimina alizeti safi ya Singida kwenye tangi la lori.

Lakini simama kibandani saa nne usiku, wakati wa kufunga. Mafuta yamekuwa meusi, yanatoa povu, yanawasha koo. Muuzaji anayamimina kwenye dumu la njano, na kabla hajalifunga mnunuzi amefika: mtu wa mihogo wa mtaa wa pili, ambaye kesho atayatumia tena, na atakayekula ni mtoto anayetoka shule. Huyo ndiye mshindani halisi wa kiwanda cha biodizeli. Bei ya dizeli kwenye pampu haitoshi kupanga hesabu za kiwanda. Lazima kimlipe muuzaji wa chipsi shilingi kadhaa zaidi ya anazolipa mtu wa mihogo, kila usiku, na kifike na pikipiki yake kabla ya saa nne.